Kigoda cha Ngolo

Paukwa!

Pakawa!

Kwani hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Wewe uliyenyoosha miguu, ikunje, hadithi inapita hapo.

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota hata ndevu, palikuwa na kijiji chini ya kilima. Watu wake zamani waliishi kule juu, kilimani. Njaa kubwa ikawatoa, wakashuka. Misonge yao ikabaki huko, ikaliwa na mchwa mpaka pakawa peupe. Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, jina lake Milembe. Mrefu, mwembamba, mdomo mkali. Na mikono, jamani! Mikono ya bibi yule msiniulize.

Kila asubuhi Bibi Milembe alikwenda jalalani. Anainama, anaokota. Bua la mtama, anaweka. Gunzi la hindi, anaweka. Ganda la karanga, kigae cha chungu, kamba iliyokatika, anaweka, anaweka, anaweka. Watoto wakimwona wanacheka.

"Bibi, umepoteza nini?"

"Nimepoteza kijiji kizima," anawajibu. "Njooni mnisaidie kutafuta."

Akirudi anakaa mlangoni na kisu chake. Chwa, chwa, chwa! Anakata. Kwi, kwi, kwi! Anatoboa. Bua linakuwa nguzo. Ganda la karanga linakuwa chungu. Kokwa ya zambarau inakuwa kinu, na mchi wake ni mwiba. Kipande cha kibuyu kinakuwa ungo, ungo wenyewe hauzidi ukucha wa kidole gumba. Chwa, chwa, chwa! Kwi, kwi, kwi! Mwisho anaezeka kwa nyasi laini, na hapo ndipo unapouona msonge wa zamani umesimama mbele yako, haufiki goti. Paa lake unalifunua kama kawa, unachungulia ndani. Kitanda hicho. Mafiga hayo. Mwiko huo umechomekwa ukutani.

"Mdogo," anasema Bibi Milembe, "lakini haukupungua kitu."

Alitengeneza misonge arobaini, kila nyumba iliyokuwa kule kilimani na wake. Ikawa watu wakibishana, mlango wa baba uliangalia wapi, ghala la shangazi lilikaa upande gani, wanakwenda kwake. Bibi anafunua paa. Wanachungulia. Ubishi umekwisha, watu wanarudi makwao. Bibi Milembe alijivuna, na kwa nini asijivune? Ningekuwa mimi, mngenifunga kamba.

Basi, siku moja akatokea mwanamke mgeni, vumbi mpaka kwenye kope, mtoto mgongoni. Akapiga magoti mbele ya wazee.

"Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Sayi, binti Ngolo. Mwaka wa njaa mama alifariki, nikachukuliwa na wapita njia nikiwa mdogo. Nimewatafuta miaka mingi. Naomba mnionyeshe kaburi la mama yangu, na mnipe shamba lake nilime, mwanangu ale."

Watu wakaangaliana. Ngolo walimjua, Ngolo alikuwa na binti, hilo ni kweli. Lakini binti yule alipotea akiwa mtoto wa kuchunga kuku tu. Nani aijue sura yake leo? Halafu shamba la Ngolo sasa lilikuwa linalimwa na Lugendo, mkubwa wa kijiji, na mtama wake mwaka ule ulikuwa umejaa kweli kweli. Mnanielewa.

Lugendo akakohoa. Kho, kho!

"Jina la Ngolo kila mtu anaweza kulisikia njiani," akasema. "Huyu mwanamke atueleze nyumba aliyozaliwa. Bibi Milembe anayo. Maneno yakilingana na msonge, ni mwenzetu. Yakipishana hata kidogo, arudi alikotoka leo hii hii."

Wote wakasema, "Ndiyo! Bibi Milembe hakosei!"

Bibi akasikia hayo, kifua kikajaa. Akaingia ndani, akatoka na msonge wa Ngolo kauweka kichwani. Akamwambia Sayi ageuke, aangalie kilima. Sayi akageuka. Bibi akafunua paa, watu wakajisogeza, shingo zote ndani ya nyumba ndogo.

"Haya mjukuu wangu," akasema Bibi. "Tupitishe mlangoni."

Sayi akafumba macho.

"Mlango unaangalia kule jua linakochomoza."

Wakatazama. Ndivyo.

"Ukiingia, mafiga yako katikati."

Ndivyo.

"Kitanda kiko mkono wa kulia, kimeegemea ukuta. Kimesukwa kwa kamba, na upande wa miguuni kamba zimelegea."

Watu wakabonyeza kamba kwa kidole. Loo! Zimelegea. Bibi Milembe akatabasamu mwenyewe. Nani mwingine angekumbuka kulegeza kamba?

"Na kigoda cha mama," akasema Sayi, "kiko kati ya mafiga na kitanda."

Wakatazama. Kigoda kile, kigoda cha gunzi, kilikuwa ng'ambo ya mafiga, upande wa kushoto, mbali na kitanda. Kimegandishwa kwa utomvu, hakitikisiki.

"Mwongo!" akaruka Lugendo. "Mmeona? Mwongo! Chukua mwanao, njia ile pale!"

Na wengine nao, "Mwongo! Mwongo!" Mtoto mgongoni akaanza kulia. Sayi akageuka, machozi yanamtoka, wala hakuondoka.

"Fanyeni mnalotaka," akasema. "Lakini kigoda hakikukaa huko. Mimi nilikuwa nalala kitandani, mama amekaa hapa karibu nami. Mkono wa kulia ananipapasa mgongo nilale. Mkono wa kushoto anasonga ugali."

Ee! Mlipuko wa kicheko. Kusonga ugali kwa mkono wa kushoto! Nyie, zamani hizo mkono wa kushoto haukugusa chakula cha mtu. Mwanamke akisonga kwa kushoto, mume hali, wageni hawali, hata mbwa anafikiria mara mbili.

"Sasa anamtukana na marehemu!" wakasema.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Bibi Milembe alikuwa anakiangalia kile kigoda. Maana alimjua Ngolo tangu wakiwa wasichana. Alikumbuka kwamba Ngolo alifunga mlango kila anapopika. Wenzake walisema ana choyo. Yeye mwenyewe Milembe aliwahi kusema hivyo. Akakumbuka na jambo jingine, akainua uso polepole.

Lugendo alimwona uso. Mjanja yule. Akamwinamia, akamnong'oneza.

"Bibi, angalia sana. Ukisema nyumba hii ina kosa, watu watauliza na zile nyingine. Kila ubishi uliokata utafufuka. Kazi yako yote itarudi jalalani. Kwa ajili ya nani? Mpita njia?"

Hapo, wanangu, ndipo Bibi Milembe alipopata taabu. Si uongo, alitaka kunyamaza. Misonge arobaini! Macho yake yamefifia kwa ajili ya misonge ile. Vidole vimejaa makovu. Hana mume, hana mtoto, ana jina tu, nalo ni hili, Milembe asiyekosea. Na mbele yake amesimama binti wa rafiki yake, hana hata kaburi la kulilia. Akanyoosha mgongo.

"Mzee Mashimba," akaita kwa sauti. Mashimba alikuwa mzee kuliko wote. "Kule kilimani, ndege wakivamia mtama, ni nani aliyekuwa akirusha jiwe na kumpata ndege angani?"

"Si Ngolo!" akasema Mashimba. "Nani mwingine? Yule hakukosa ndege!"

"Kwa mkono gani?"

Mzee Mashimba akainua mkono arushe, kama Ngolo alivyorusha. Ukainuka wa kulia. Akasita. Akaushusha. Akainua wa kushoto.

"Wa kushoto," akasema polepole. "Hee. Ngolo alikuwa mtu wa kushoto."

Kicheko kikafa. Bibi Milembe akaingiza vidole ndani ya msonge, akakishika kile kigoda, akakivuta. Pwak! Kikang'oka, na kipande cha sakafu kikatoka nacho. Akakiinua juu kila mtu akione.

"Nimekosea!" akasema. "Mimi, Milembe. Kigoda nilikiweka pale wanapokiweka wanawake wote, sikumfikiria Ngolo. Ngolo alirusha jiwe hadharani, lakini kwenye chakula aliuficha mkono wake, akapika mlango umefungwa, kwa sababu ya midomo yetu, na wangu ukiwemo. Aliyeujua mkono ule jikoni ni mtoto aliyelala kando yake tu. Mwacheni binti yetu apite!"

Akapaka utomvu, akakigandisha kigoda kati ya mafiga na kitanda. Kisha akamshika Sayi mkono wa kushoto, akautia mkononi mwake, na wakapanda wote wawili kilimani, kwenye kaburi la Ngolo. Huko Sayi alilia mpaka akashiba kulia. Na Lugendo? Lugendo alivuna ule mtama wa mwisho akaachia shamba, na kijiji kizima kilimsimamia akitoka. Alikohoa, kho, kho, hakuna aliyemwambia pole.

Na ile misonge mingine? Kweli, watu walirudi kuuliza. Bibi akaifunua yote arobaini, akawaita wenye nyumba mmoja mmoja: "Kaa. Niambie ambalo sikulijua." Wakasema, akasikiliza. Chwa, chwa, chwa! Kwi, kwi, kwi! Nyumba tisa alizirekebisha. Ikawa mtu akitaka kuvijua vya zamani haendi tena kutazama tu, anakwenda na kusema.

Sakafuni mwa msonge wa Ngolo lilibaki shimo dogo, pale kigoda kilipong'oka. Sayi, ambaye sasa alikuwa jirani, alileta udongo alizibe. Bibi Milembe akamzuia. Mpaka anakufa, mgeni akija kuona misonge yake, hakumwonyesha kwanza kinu cha kokwa, wala ungo wa kibuyu, wala kamba za kitanda. Alifunua paa la Ngolo, akaweka kidole kwenye shimo, kidevu juu, akasema, "Hapa! Hapa nilikosea, na binti yangu akanisahihisha."

Basi sikieni, fundi ni yule anayeweza kung'oa kazi yake mwenyewe mbele za watu, ili mwenzake apate haki yake. Ukijivuna, jivunie hilo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyekunja miguu anaweza kuinyoosha.