Timu ya Viazi na Nyama

Mkulima wa Kibirichia hahitaji kamusi ili aelewe kwamba mchagua jembe si mkulima. Mvua inaposhuka kutoka mlimani, anayebaki ghalani akipima mipini hutoka akakuta wenzake wamekwisha kupanda, na wakati wa mavuno huwa mtu wa kununua. Kiende alilelewa katika hekima hiyo. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu, na viazi alivyovuna vilikuwa vyake mwenyewe, kwani siku alipoanza masomo ya chuo kikuu mjini Meru babake alimkatia kipande cha shamba na kumwambia kwamba kitakachotoka humo ni mali yake. Lakini hekima ya shamba ni kama koti la mvua: ni rahisi kuisahau nyumbani mtu anaposhuka mjini.

Msimu huo viazi vilikubali. Magunia yaliposhushwa katika soko la Gakoromone mjini Meru, wachuuzi waliyagombania kama kunguru na mahindi, na Kiende akarudi bwenini akiwa na shilingi elfu arobaini kwenye simu na ndoto moja moyoni: kompyuta yake ya kwanza ya michezo. Haikuwa ndoto ya anasa. Tangu alipokuwa darasa la saba alikuwa akiendesha magari ya kwenye skrini katika saiba ya sokoni kwao, chumba cha kompyuta za kukodi, na hakuna mvulana wa Kibirichia aliyewahi kuiona pua ya gari lake. Wote walizijua taa zake za nyuma. Sasa mashindano ya mbio hizo, ya wawili wawili, yalikuwa yametangazwa mjini. Muda wa dereva wa kwanza ungejumlishwa na wa mwenzake. Kila dereva angekuja na kompyuta yake. Duru zilikuwa tatu, na kila jozi ingehesabiwa mbili zake bora. Jozi ambayo ingekosa mara mbili ingefutwa, na ambayo ingeibuka ya kwanza ingekwenda Embu kwa fainali.

Mwenzake Kiende alikuwa Zuleka, binti wa Mzee Idris mwenye bucha karibu na msikiti. Walisoma darasa moja, na ni Zuleka aliyeipa timu jina.

"Wewe ni viazi, mimi ni nyama," alisema. "Tusiposhinda, tutafungua hoteli."

Zuleka hakuwa mtu wa kuzungushazungusha mambo. Alinunua kompyuta kuukuu iliyokuwa imestaafu kazi ya ofisi, akaichomekea kadi ya picha ya mtumba, ile inayochora magari na barabara kwenye skrini, na kabla ya juma kwisha mashine ilikuwa ikinguruma katika chumba cha nyuma cha bucha.

"Nenda kwa Muthamia," alimwambia Kiende. "Amebakisha kompyuta nyingine kama yangu, na kadi iko kwenye kabati la kioo. Chukua hizo tuanze mazoezi."

Kiende alikwenda. Muthamia, muuzaji mcheshi mwenye kibanda kilichojaa nyaya kama kiota cha ndege, alimkabidhi kadi aishike. Kiende aliigeuza, akaipima uzito kwa mkono, akaipenda. Angeilipia papo hapo kama asingeamua kumwuliza kwanza Kailemia.

Kailemia alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana mpole mwenye ulimi wa asali, aliyejua jina la kila prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyowahi kutengenezwa na la kila iliyokuwa njiani. Bwenini walimwita Daktari. Jambo moja tu halikuwa limetiliwa maanani na mtu yeyote: Daktari hakuwa na kompyuta. Alikuwa anaichagua kwa mwaka wa pili sasa.

"Kadi hiyo ni ya kitambo," alisema, akitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Subiri kidogo, mpya zitashuka bei. Halafu prosesa ya hiyo kompyuta ya ofisi itaibana. Ni sawa na kumfunga fahali kwenye mkokoteni wa punda."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Usinunue kitu. Tulia. Tuchague."

Hapo Kiende akaingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Alitaka prosesa mpya, akagundua kwamba ilihitaji bodi mpya ya kuikalia. Bodi mpya nayo ilikataa vijiti vya zamani vya kumbukumbu, na alipokwisha kujumlisha gharama zote hakubakiwa na pesa za kadi. Akarudi kwenye kadi. Kadi kubwa ilidai pawasaplai kubwa, yaani kile kisanduku kinachougawa umeme ndani ya mashine, na pawasaplai kubwa ikadai kasha pana la kuibebea. Ilikuwa kama kujifunika shuka fupi: akificha kichwa, miguu inapigwa na baridi. Kila jioni alitazama video za watu wa mbali wakisifu vifaa, na kila asubuhi aliamka na mpango tofauti. Mara alitaka kasha la kioo lenye feni za taa za rangi, mara akajilaumu kwa tamaa hiyo na kuifuta, na siku mbili baadaye akairudisha. Alipita kwa Muthamia mara nyingi hata yule bwana akaacha kumfungulia kabati.

"Dada, kadi hii imeshakuzoea," alimwambia. "Ukipita barabarani inataka kukusalimia."

Zuleka naye alivumilia. Alituma ujumbe, akatuma mwingine, kisha akapiga simu. "Mimi nimeshajua kona zote za ile barabara," alisema. "Wewe umejua nini?"

"Nimejua kwamba kumbukumbu mbili ndogo zinashinda moja kubwa," Kiende alijibu kwa fahari.

"Haya," Zuleka alisema. "Tutaziendesha hizo Jumamosi."

Jumamosi ya duru ya kwanza ilifika kama mgeni asiyebisha hodi. Zuleka aliingia ukumbini amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga. Kiende aliingia na simu iliyojaa picha za vifaa. Mwamuzi alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akatangaza kwamba Timu ya Viazi na Nyama haikuwapo, ilhali wawili hao walikuwa wamesimama mbele yake. Watu wakacheka. Zuleka alikunja nyaya zake polepole, akatoka na Kiende nje.

"Kiende, sijaona dereva kama wewe," alisema. "Ndiyo maana nilimkatalia binamu yangu Omar alipoomba nafasi. Lakini Omar ana kompyuta. Duru ya pili ni Jumamosi ijayo. Ukija mikono mitupu tena, nitakimbia naye, kwa sababu sitaki tufutwe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Kiende. Hasira angeijibu. Ila mwenzake alikuwa na haki.

Alikwenda nyumbani Kibirichia akiwa amenyong'onyea kama jani la kabichi juani. Jumapili, alipokuwa akitoka kanisani na mamake, wingu jeusi lilishuka kutoka mlimani na mvua ya masika ikafunguka. Jumatatu asubuhi udongo ulikuwa umelainika na kuwa kama unga uliokandwa, na kwa kuwa hakuwa na masomo siku hiyo, Kiende alikimbilia ghalani. Jembe lake alilolipenda lilikuwa limeazimwa na jirani. Lililokuwapo lilikuwa moja tu, lile kuukuu, lililolika ncha, mpini wake ukiwa na ufa uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakulitazama mara mbili. Alilitia begani, akashuka shambani, akainama.

Mamake, aliyekuwa mbele yake akidondosha mbegu za viazi, aliinua uso na kumtazama. Habari zote za kompyuta alikuwa amesimuliwa usiku uliotangulia, machozi yakiwemo.

"Kiende, mama," alimwita, "mbona umeanza kulima kabla hatujatazama video?"

"Video ya nini?"

"Ya majembe. Tuone ni lipi linafaa udongo mweusi. Pengine hata kuna mengine mapya yanakuja mwezi wa sita. Tungesubiri."

"Mama, mvua haisubiri."

"Ehe." Mamake aliinama tena kwenye mtaro wake. "Na hilo ulilolishika ndilo lililolima viazi ulivyouza. Au yalikuwa majembe mawili?"

Kiende alisimama wima. Alilitazama jembe, akautazama ule mpira wa baiskeli alioufunga kwa mkono wake mwaka uliopita, asubuhi kama hiyo, bila kumwuliza mtu yeyote. Elfu arobaini zile zilitoka kwenye ncha hiyo iliyolika. Alianza kucheka, mwanzoni kidogokidogo, kisha kwa nguvu hata jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama kuna mtu aliyeokota pesa. Methali nyingine hazitamkwi. Hushikwa mpini.

Kesho yake mapema alikuwa mbele ya kibanda cha Muthamia.

"Umechelewa," Muthamia alimwambia, na uso wake ulionyesha huruma ya kweli. "Yule rafiki yako wa kwenye kabati ameolewa juzi. Amekwenda mji wa Maua."

Kiende alitazama nafasi yake kabatini. Juma moja mapema, kadi ile ingekuwa yake. "Umebaki na nini?"

"Dadake mdogo. Hana urembo ule, lakini ni mchapakazi."

"Iwashe niione ikifanya kazi."

Kuchagua hakukatazwi, hata mbegu za viazi huchaguliwa. Ila mbegu huchaguliwa jioni, na asubuhi huwa zimo mtaroni. Kiende aliitazama kadi ikichora picha bila kukwama, akaikubali. Alichukua ile kompyuta kuukuu ya ofisi, ambayo bado ilikuwa inamngoja na vumbi lake, na kwa kuwa umeme wa bwenini ulikuwa na tabia ya kurukaruka kama mbuzi, hakukubali pawasaplai ya mtumba, alilipia mpya. Skrini aliipata yenye mkwaruzo kwenye pembe, kibodi na kipanya akapata vilivyotumika. Kasha la kioo na taa zake alilipita kama mtu anavyompita mdai. Shughuli yote ilikwisha kabla chai ya Muthamia haijapoa.

Waliiunda mashine juu ya meza katika chumba cha nyuma cha bucha. Zuleka alishika bisibisi, Kiende akawa anachomeka, na Mzee Idris alikuwa akija mlangoni kila alipopata nafasi baina ya wateja, kisu mkononi.

"Nimechinja miaka thelathini," alisema, akizitazama nyaya nyekundu, njano na nyeusi zilizomwagika mezani, "sijaona mnyama mwenye utumbo wa rangi nyingi kiasi hiki. Atapona?"

"Baba, hajafa. Ndiyo anazaliwa," Zuleka alijibu.

"Basi mpeni jina zuri."

Kiende alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na kimya kikawa kirefu zaidi. Wasichana wawili wakatazamana, na katika macho ya Zuleka Kiende aliiona sura ya Omar. Ndipo Zuleka alipoinama, akaufuata waya mmoja kwa kidole kutoka mgongoni mwa mashine hadi ukutani, akakuta swichi ya ukutani haijawashwa. Aliibonyeza. Feni ikavuma, skrini ikafumbua jicho, na Mzee Idris akawakatia maini bila malipo.

Waliiita Jembe. Siku zote zilizobaki walifanya mazoezi hadi wateja wa bucha wakaanza kununua nyama polepole ili wapate kutazama.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Kulikuwa na mashine zilizowaka rangi zote za upinde wa mvua, na Jembe, kasha lake la kijivu likiwa bado na alama ya gundi ya kibandiko cha ofisi, lilikaa katikati yao kama shangazi wa kijijini harusini. Kadi yake ndogo haikumudu madoido yote, kwa hivyo Kiende alipunguza ubora wa picha hadi miti ya kando ya barabara ikafanana na viazi vilivyochomekwa vijiti. Hakujali. Miti haishindani. Zuleka alianza, akamaliza wa tatu. Kiende akaweka vidole kwenye kibodi, na mara barabara ile, pamoja na kona zake zote ambazo sasa alizijua kama mitaro ya kwao, ikaanza kukunjika mbele yake kama mkeka. Alipovuka mstari, walioshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wanunuzi wa nyama. Muda wao ulipojumlishwa, jozi moja tu ilikuwa mbele ya Timu ya Viazi na Nyama. Na duru ya tatu, majuma mawili baadaye, hata hiyo ikaachwa nyuma. Safari ya Embu ikawa yao.

Kailemia alikuwapo siku hiyo. Alilizunguka Jembe mara mbili, akilichungulia kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Umeshinda, hongera," alisema. "Lakini prosesa hii, Kiende, na kadi ile mpya inayokuja mwisho wa mwaka, bei yake..."

"Daktari, kaa," Kiende alimkatiza kwa upole, akamsogezea kiti. "Endesha kidogo."

Kailemia alikaa. Alijua nguvu ya kila kifaa kilichokuwa ndani ya kasha lile, na aliyetengeneza kila kimoja. Gari liliondoka, likaenda wima kwa madaha, likafika kwenye kona ya kwanza, likaendelea kwenda wima. Liliparamia viazi vitatu vyenye vijiti na kulala chali. Ukumbi ukaangua kicheko, na Kailemia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akacheka kuliko wote. Kisha akafuta miwani yake, akamsogelea Zuleka na kumwuliza kwa sauti ya chini kama Muthamia hufungua kibanda Jumapili.

Walimwelekeza njia, kwa maana hakuna aliyechelewa kabisa maadamu mvua bado inanyesha. Lakini yeye na Kiende walikuwa wamekwisha kujifunza, mmoja shambani na mwingine kwenye kona ya kwanza, kwamba mkulima hujulikana kwa mgongo ulioinama na wala si kwa uzuri wa mpini: mchagua jembe si mkulima.