Kitovu cha Bi Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Hamjala leo, au? Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na chemchemi.

Ikawaje?

Ilikuwa na wenyewe.

Wako wapi?

Ngojeni basi, mna haraka ya kwenda kulia?

Hapo kale, wala si kale sana, Bi Digidigi alikaa kwenye chemchemi ya Kavumbu. Kitovu chake kilizikwa pale. Cha mamake, pale. Cha bibi yake, pale. Ndiyo desturi yao: ukizaliwa, kitovu chako hufungwa kwa jani, huzikwa kando ya maji, na hapo ndipo kwenu. Hakuna wa kukufukuza. Naye wakati huo alikuwa mjamzito, miezi inakaribia, jani ameshalichagua.

Siku ya kwanza akaja Fisi na mkewe, tumbo hili hapa!

"Hodi, mama. Naomba maji."

"Karibu, baba. Maji ni ya Mungu."

Siku ya pili: "Mama, naomba kivuli. Mke wangu ana uchungu." Bi Digidigi akampa kivuli, tena akamzalisha yule mke kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya tatu: "Mama, naomba mahali pa kuzika kitovu cha mwanangu."

Si mnajua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Basi naye, maskini, akampa jembe.

Fisi akachimba. Akatoa chupa ya plastiki, akatia kitovu ndani, akakaza kifuniko.

Bi Digidigi akacheka. "Baba, kwetu tunafunga kwa jani."

"Kwetu ni chupa, mama."

"Haya. Kila ndege huruka na ubawa wake."

Nanyi mnacheka? Na yeye alicheka hivyo hivyo.

Hata mwezi haukwisha, seng'enge ikazunguka chemchemi nzima. Fisi kasimama getini.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuteka maji."

"Kwa nani?"

"Kwangu!"

"Kwako?" Fisi akaangua kicheko. "Twende kwa Tembo."

Tembo ndiye aliyekuwa hakimu wa nchi ile. Akasema, "Maneno kila mtu anayo. Mwenye kitovu hapa akionyeshe. Chimbeni!"

Wakachimba pa Fisi. Chupa hiyo, inang'aa, kitovu kimo ndani. Wakachimba pa Bi Digidigi. Udongo. Wakachimba pa mamake. Udongo. Wakachimba pa bibi yake. Udongo mweusi, unanukia mvua.

"Ndicho hicho!" akalia Bi Digidigi. "Kimekuwa udongo! Udongo wote huu ni sisi!"

Tembo akapunga masikio. "Mimi chupa naiona, mama. Wewe sikuoni humu."

Jamani! Hapa kila mara hasira hunipanda. Nipisheni nimeze mate.

Bi Digidigi akarudi getini, tumbo limeshuka.

"Baba, naomba maji."

"Yana mwenyewe."

"Naomba kivuli. Nina uchungu."

"Kina mwenyewe."

La tatu hakuliomba. Akajifungua njiani, juu ya changarawe, jua la utosi, peke yake. Akakifunga kitovu cha mwanawe kwa lile jani, akaenda kutafuta pa kukizika. Hapa, pana mwenyewe. Pale, pana mwenyewe. Kule, seng'enge. Akatembea nacho siku nyingi, mtoto nyuma yake. Jani likakauka, likapukutika, na kitovu kikadondoka asijue ni wapi.

Mkimwona digidigi, mtazameni chini ya jicho. Ana alama nyeusi, ndipo machozi yalipopitia. Na maji hayatafuti, analamba umande tu kwenye majani. Watu husema eti yule hasikii kiu. Anaisikia! Ila hajui akapige hodi kwa nani.

Ngano yangu imekomea hapo. Ingekuwa njema, ningesema ni yetu sote. Ni mbaya, na ni yetu sote.