Vigoda vya Posa ya Mboni

Kama una mchumba, soma hii kabla hujapeleka posa. Kama umeshaoa, soma hata hivyo.

Mzee Shemndolwa wa Korogwe alikuwa na karakana ya viti vya katani. Aliloweka nyuzi kwenye maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, akazisuuza na kuzianika. Kisha alizipanga kwenye kalibu yenye umbo la kiti na kuzimwagia gundi ya plastiki. Viti vyake vilibeba hata mashangazi wa Lushoto, na hao si wepesi.

Siku moja Hemedi, dereva wa lori la katani, alikuja kumposa Mboni, binti wa Mzee.

"Mkigombana, nani atajishusha?" Mzee aliuliza.

"Mzee wangu, mimi sibadiliki kwa ajili ya mtu. Hivi nilivyo ndivyo nilivyo."

"Na wewe, mwanangu?" Mzee alimgeukia Mboni.

"Lolote atakalo yeye, Baba, ndilo nitakalo."

Mzee aliguna. Majibu yote mawili yalimtia hofu. "Kila mmoja anitengenezee kigoda cha katani. Vikivunjika, posa hiyo siipokei."

Hemedi alizipenda nyuzi zake zilivyong'aa. Aliona soda itazifubaza, akazitia gundi hivyo hivyo. Mboni aliogopa kukosea, akaziacha zake kwenye soda mpaka zikawa nyeupe na laini kama pamba.

Mzee alikalia kigoda cha Hemedi. Puu! Akawa chini, miguu juu. Nyuzi zilikuwa zimechomoka nzima, bado zinang'aa.

"Tazama, katani yako haijaumia. Kilichokufa ni kigoda. Nta yake, ile inayoondolewa na soda, iliilinda shambani, na nta hiyo hiyo imeizuia kushikana na gundi."

Mboni alisogeza chake kwa furaha. Mzee alikikalia, akaanguka tena. Safari hii nyuzi zenyewe zilikuwa zimekatika.

"Yako ilishikana vizuri, mwanangu. Ila umeiosha mpaka nguvu zake zimekwisha."

Mboni alilia. "Basi ndiyo hakuna ndoa, Baba?"

"Mbona sijawakataza kutengeneza kimoja pamoja?"

Waliingia karakanani. Hemedi alizitia nyuzi kwenye soda kwa mkono wake mwenyewe. Mboni ndiye aliyesema, "Inatosha, zitoe," na Hemedi akazitoa.

Siku ya harusi Mzee alikikalia kigoda hicho tangu asubuhi. Walipomwomba awapishe wageni, alikataa katakata.

Funzo: Ondoa kiburi kinachokuzuia kushikana na mwenzio, lakini usijifute mpaka ukakosa nguvu za kumbeba. Mtumie hadithi hii yule uliyenuniana naye tangu jana.