Siku Nyati Alipoonja Jela

Hapo zamani za kale, kabla ya bibi yangu na bibi wa bibi yangu, Nguchiro alifungwa jela kwa kuiba mayai ya Kanga. Aliiba, sikatai! Lakini siku hiyo, wanangu, hakukalika. Huku hatua tatu, kule hatua tatu, chaka-chaka, chaka-chaka! Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatimiza siku saba, na kwao mtoto hutajiwa jina sikioni na baba yake. Siku ya saba ikipita, basi tena, hana jina maisha.

"Afande Nyati, nakuomba! Nikamtaje mwanangu, nirudi kabla jua halijatua."

"Thubutu!" mlinzi akafoka. "Mfungwa na ruhusa, wapi na wapi? Uji wa bure, paa la bure! Mnadekezwa!"

Jua lilishapita utosini.

"Kweli, afande, humu raha tupu. Ila wewe huwezi kukaa hata kidogo."

"Mimi nisiweze? Nipishe!"

"Mlango mwembamba, afande. Nikushikie funguo?"

Nyati akafungua mlango, akampa funguo, akajisukuma ndani, puu! Nguchiro akapenya kati ya miguu yake, akafunga, kacha! Huyo, mbio!

Punde Tembo, mkuu wa jela, akaja kuhesabu. Desturi yake hakumtazama mfungwa usoni; aligonga ukuta tu, akahesabu sauti.

"Go! Go! Nani humo?"

"Mimi Nyati, mkuu! Mimi askari wako!"

"Sauti moja. Sawasawa," Tembo akasema. "Leo askari, kesho atakuwa mfalme. Lo, wafungwa!" Akaenda zake.

Jua likikaribia kuzama, Nguchiro alirudi akihema, bakuli la wali mkononi. Pembe za Nyati alizijua. Akafungua.

Nyati hakumgusa. Macho yalikuwa mekundu.

"Wanangu wamepita hapo nje," akasema polepole. "Nimewaita. Hawakunisikia."

Nguchiro akamsogezea wali, akaingia mwenyewe ndani, akakaa.

"Umemwita nani mtoto?"

"Faraji, afande."

Nyati akatoka, akachukua funguo, akafunga mlango.

"Kesho mama yake amlete. Mtaonana."

Ndiyo maana husemwa, wanangu: adhabu ya kaburi aijua maiti.