Matanga ya Dunia

Mtu mmoja alikuwa na moto. Aliitwa Bukuru, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, juu ya kilima kinachotazamana na mpaka. Ng'ambo ya bonde ilikuwa nchi ya watu wengine. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, na tangu alipomwoa Domitila, moto wa jiko lile haukuwahi kufa. Usiku ulifunikwa kwa majivu, na asubuhi ulifukuliwa ukiwa hai. Jirani aliyezimikiwa alikuja na kigae, akapewa makaa, akaenda zake bila kushukuru sana, maana watu walikuwa wamezoea kwamba kwa Bukuru moto upo.

Jioni, jembe likishawekwa chini, Bukuru aliketi mbele ya mafiga. Domitila alichoma ndizi mbivu ndani ya maganda yake, akachemsha kahawa ya shambani kwao, na alipokuwa akikoroga aliimba kwa sauti ya chini wimbo ambao hakuumaliza hata siku moja. Jirani yao Gervasi alikuja kusimulia uongo wa ujana wake. Redio iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, ikawaletea habari za dunia. Walizipokea kwa kuguna na kutikisa vichwa, kisha mmoja wao alisema kahawa inapoa.

Jioni moja Gervasi alikuwa akieleza jinsi alivyokimbizwa na beberu wa mkwewe mbele ya wachumba wawili, na Bukuru alicheka, ndizi mdomoni, hadi machozi yakamtoka. Ndipo redio iliposema kwamba ng'ambo ya mpaka vijiji vinachomwa. Bukuru alisikia kicheko chake mwenyewe kikiendelea juu ya maneno yale, kama mlevi aliyeingia kanisani wakati wa sala. Akaitema ndizi.

Alikuwa mtu wa kupima mambo, na jambo hili alilipima kwa siku kadhaa. Duniani, alijiambia, hakuna saa isiyo na mtu anayelia. Huku kunapokucha, kule kunazikwa watu. Basi mtu mwadilifu acheke saa ngapi? Aliitafuta saa hiyo katika mchana wote na usiku wote, asiipate. Hesabu yake haikuwa na kosa, wala huzuni yake haikuwa na unafiki, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kumrudisha.

Akaamua kuikalia dunia matanga. Kwao, nyumba iliyofiwa haipiki. Moto huzimwa, wenye msiba huketi chini juu ya mkeka, na majirani huleta chakula mpaka siku ya kuanua matanga. Bukuru aliyamwagia maji mafiga yake kwa mkono wake mwenyewe, akatandika mkeka sebuleni, akaiweka redio ubavuni. Majirani walipoona hakuna moshi wakaja, wanawake na vyungu vichwani, Gervasi mbele yao, kofia mkononi.

"Pole sana, ndugu yangu. Amefariki nani?"

"Wengi," alisema Bukuru.

"Wengi! Wa ukoo wenu?"

"Wa ng'ambo. Na wa nchi za mbali zaidi. Majina yao siyajui."

Gervasi alimtazama, kisha akairudisha kofia kichwani. "Basi na ugali wa matanga utatoka huko huko," alisema. "Mama zangu, twendeni."

Domitila hakucheka. Alingoja mpaka wageni wamekwisha teremka, akaketi naye juu ya mkeka.

"Baba Skola," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa, "mama yangu alipokufa tulikaa chini, tukalia, na siku ilipofika wazee wakatuinua. Haya ya kwako yataanuliwa lini?"

"Dunia itakapotulia."

Domitila aliinuka, akachukua chungu chake. Tangu hapo akawa anapika kwa Gervasi, upande wa pili wa korongo, katika jiko la mwanamke mwingine, na kurudi na chakula kilichokwisha kupoa. Wimbo wake ukakoma, kwa sababu jikoni kwa mwenzio huimbi.

Miezi ikapita, na moto uliozimwa ukaanza kuondoka na vitu vingine. Kuni hazikukusanywa, kwa kuwa hakuna akusanyaye kuni za moto asiokusudia kuuwasha. Paa la jiko, ambalo moshi ulikuwa ukilikausha na kulilinda, likaingiwa na mchwa, kisha likavuja. Kiberiti, kilichokuwa kikikaa kichanjani juu ya mafiga mahali pakavu kuliko pote, kikanyonya unyevu. Kahawa iliiva ikaanguka chini ya mibuni. Bukuru hakuyaona haya. Aliijua miji iliyokuwa ikishambuliwa, na majenerali waliokuwa wakiishambulia. Alikuwa amekonda, na kukonda kwake alikuhesabu kuwa ni mchango. Huko ng'ambo hakuna aliyejua kwamba anachangiwa.

Alasiri moja ya masika, mvua ikinyesha, alisikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke aliyelowa chepechepe, mtoto mgongoni. Matamshi yake yalikuwa ya ng'ambo. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi, na mtoto hakuwa akilia.

"Naomba moto, baba," alisema. "Mwanangu amepoa."

Bukuru aliinuka. Hakuwahi kumwona mwanamke huyu, lakini alimtambua: ndiye ambaye yeye alikuwa akimlilia miezi yote ile. Alikimbilia jikoni. Maji yalikuwa yakidondoka juu ya mafiga. Alipapasa pembeni akitafuta kuni, akapata magome yaliyooza. Akapiga kiberiti, na kichwa cha njiti kikasagika kama udongo. Akapiga nyingine, na nyingine. Akarudi mlangoni mikono mitupu, akasema neno alilodhani litamfariji mgeni.

"Hapa hakuna moto, mama. Tuliuzima kwa ajili yenu."

Mwanamke alimtazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha asiyoijua.

"Kwa ajili yetu?" alisema. "Baba, sisi tunaokimbia hutembea tukifuata moshi."

Domitila alikuwa amekwisha toka chumbani. Alimfungua mtoto mgongoni kwa mama yake, akamvua nguo zilizolowa, akamweka kifuani pake ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga juu yake, akaingia mvuani kuelekea kwa Gervasi. Mgeni akamfuata. Hakuna aliyemwambia Bukuru aje, wala hakuna aliyemwambia abaki.

Nyuma yake redio ilikuwa ikisema kwamba watu wanavuka mpaka na idadi yao haijajulikana. Aliisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kisha akaokota kigae chini ya upenu, akateremka korongoni, yeye ambaye tangu aoe hakuwahi kwenda kuomba moto kwa mtu.

Jikoni kwa Gervasi walikuwa wameuzunguka moto. Domitila alikuwa akimsugua mtoto miguu. Gervasi, mtu wa mizaha, alikuwa ameshika mwenge wa nyasi na kusahau kuutia motoni. Bukuru akasimama nje ya kizingiti na kigae chake, mvua ikimpiga mgongoni. Hakuomba. Aliona kwamba kama mtoto yule angekufa, angekuwa wa kwanza katika wafu wake wote ambaye angepaswa kumjua kwa jina.

Wakangoja. Hatimaye mtoto akakunja uso, akalia, kilio chembamba, cha hasira. Na mama yake akacheka. Mwanamke aliyetoka katika vijiji vinavyochomwa, ambaye nguo zake zilikuwa bado zinachuruzika, ndiye aliyecheka wa kwanza, kwa sauti, mkono mdomoni, kisha wote wakamfuata. Mkewe Gervasi akampa ndizi iliyokuwa ikiungua pembeni ya makaa, akaila huku akicheka na kulia, na Bukuru hakuweza kutambua kicheko kiliishia wapi na kilio kikaanzia wapi. Saa aliyoitafuta mchana wote na usiku wote ilikuwa hii, na mwenyewe alikuwa nje ya mlango.

Akanyoosha kigae.

"Matanga yameanuliwa, mzee?" aliuliza Gervasi.

"Nitilie makaa, ndugu yangu. Njiani kuna watu bado."

Vita havikukoma mwaka ule. Paa lilichukua muda kuezekwa upya, na kuni za kwanza zilikuwa mbichi, zikawatoa machozi. Redio ilirudi juu ya kinu, na waliisikiliza kama zamani, wakiguna, wakinyamaza pale palipostahili kunyamaziwa. Lakini jioni Domitila aliimba wimbo wake usiokwisha, na kutoka ng'ambo ya bonde mtu aliweza kuona, juu ya nyumba ya mwisho, mstari wa moshi.

Basi wewe unayeihuzunikia dunia, na huzuni yako ni ya kweli: huyo unayemlilia akitoka huko leo akifuata moshi, atauona juu ya paa lako?