Bahari Isiyokupwa

Sogeeni, sogeeni. Aliye na la kumwambia jirani yake alimalize sasa, maana hii nikiianza sitaki mnong'ono.

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani hii ya juzijuzi ya ndege na pasipoti, alikuwapo mama mmoja wa upande wa Pangani, akiitwa Bi. Mwanamvua. Watoto wake walikuwa watatu, na wote watatu wamehamia Uhispania. Shomari, mkubwa, aliendesha lori la mboga. Salha, wa kati, alisuka watu nywele. Hatibu, kitindamimba, alichuma nyanya kwenye mabanda ya plastiki. Kila mmoja na mji wake, na kila Ramadhani kila mmoja na upweke wake. Shomari alifuturu kwenye usukani. Salha alifuturu akizungumza na simu. Hatibu alifuturu chai na mkate, na mkate wenyewe wa jana!

Basi wakamleta mama yao kwa ziara, na mwezi mtukufu ulikuwa unakaribia. Mnadhani walifanya nini? Walimgombania!

"Mama, utafunga kwangu."

"Kwangu!"

"Kwangu mimi, na hayo maneno yaishe!"

Bi. Mwanamvua akapiga kofi mezani. "Mimi si mkate wa kukatwa vipande! Mwezi mzima nitakaa nyumba moja, sitahamahama na mabegi huku nimefunga. Nisikilizeni. Usichana wangu wote nimeogelea kwetu, ufuo mweupe, hakuna ukuta, hakuna miavuli, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Leo pana ukuta wa hoteli, na getini pana mlinzi. Miaka na miaka sijatia mguu baharini, na roho inaniuma. Atakayenifikisha kwenye ufuo kama ule wa zamani, huyo ndiye nitakayefunga naye."

Shomari akaruka kitini. "Naujua! Haki ya Mungu, naujua!" Siku moja akipita na lori juu ya mlima, aliuona kwa chini: mchanga mtupu, maji ya buluu, na hakuna hata kiumbe. Hakumwambia mtu. Jumapili akawapakia wote garini, mama mbele, wadogo nyuma, na mandazi magotini. Gari likajaa nyimbo, ungesema wanakwenda kuchukua bibi harusi. Bi. Mwanamvua alifungua dirisha na kunusa. "Chumvi hiyo! Mnaisikia? Chumvi!"

Lakini barabara ikaishia penye jabali kubwa lililojitia baharini. Ufuo uko nyuma yake, na mawimbi yanapiga chini ya jabali. Haya, ninyi watu wa pwani, hapo mngefanya nini? Mngengoja maji yapwe, sivyo? Nao wakangoja.

"Mwezi unakaribia kuandama," alisema Bi. Mwanamvua kwa furaha, akihesabu vidole. "Hili ni bamvua. Maji yatatoka mpaka mwisho, tutapita hapa na viatu vyetu vikavu."

Wakatandika mkeka. Wakala mandazi. Wakangoja. Jua likapanda, maji yako palepale. Hatibu akaweka kokoto ukingoni apime. Wakangoja. Jua likaanza kuinama, kokoto bado inalambwa.

"Bahari gani hii isiyo na adabu?" aliuliza mama.

Kumbe juu ya mteremko palikuwa na nyumba nyeupe, na dirishani alikuwapo bibi mmoja, Doña Encarna, akiwatazama tangu asubuhi. Alishindwa kuvumilia, akavaa kofia yake ya ukili, akachukua kikapu, akashuka, akauliza wanangoja nini. Salha ndiye aliyekijua Kihispania sawasawa, kwa kuwa msusi hawezi kukaa kimya na mteja. Akamweleza. Bibi wa watu alicheka hadi akakaa chini kwenye jiwe.

"Binti yangu, bahari hii haipwi! Ikishuka sana, inashuka kiganja. Mngezeekea hapo!"

Salha alipowafasiria, Bi. Mwanamvua ndiye aliyecheka kuliko wote. Shomari hakucheka sana. Miaka yote ile Uhispania, na hakuwahi kukaa ufuoni hata mchana mmoja akajua.

Njia ipo, akasema Doña Encarna, inapita juu nyuma ya jabali, lakini wageni hawaonyeshwi. "Leo nitamwonyesha mmoja. Wiki ijayo watakuja mia na spika zao. Mwakani itakuja hoteli."

Salha akapiga magoti kwenye changarawe. Akamsimulia ufuo wa Pangani, ukuta, na mlinzi wa getini. Akasimulia mpaka machozi yakamtoka. Doña Encarna akamnyanyua, kisha akanyoosha kikapu chake. "Simu zenu humu. Na muape hamtalitaja jina la mahali hapa." Wa kwanza kutumbukiza simu alikuwa Salha, Salha huyohuyo ambaye hanywi chai kabla hajaipiga picha! Wakaapa wote. Ndiyo maana hata mimi jina silitaji, msijisumbue kuniuliza.

Doña Encarna akatangulia. Njia yenyewe sasa! Mawe, miiba, na mwinuko wa kumtoa mbuzi jasho. Goti la Bi. Mwanamvua likagoma hatua za mwanzo tu. Hatibu akachuchumaa. "Panda, mama." Akambeba kupanda. Ndara ikakatika, akambeba. Kisigino kikachanika, akambeba. Kufika juu kabisa, mama akapiga kelele mgongoni.

"Nauona! Hatibu, nauona! Kimbia!"

"Mama, nikikimbia tutafika kwa vichwa!"

Wakashuka, na lo! Hakuna ukuta. Hakuna mwavuli. Mchanga hauna alama ila za miguu ya ndege, na maji yanaonyesha hadi kokoto za chini. Bi. Mwanamvua alitelemka mgongoni, goti akalisahau, akaingia majini na gauni lake na kanga yake. "Uuuwi, baridi! Uuuwi, Mola wangu!" Alicheka na kulia kwa pamoja.

Na watoto wake je? Walibaki mchangani, wameshika viuno.

"Bila macho yangu," alisema Shomari, "mngejua kama ufuo huu upo? Mama atafunga kwangu."

"Macho yako yalitufikisha kwenye jabali," akajibu Salha. "Bila ulimi wangu tungekuwa bado tunangoja maji yapwe. Mama atafunga kwangu."

"Ulimi wako ulipata njia ya mbuzi," akasema Hatibu, akiwaonyesha kisigino. "Bila mgongo wangu mama angebaki chini. Atafunga kwangu, na wenzangu chumbani wamekwisha kubali kulala jikoni."

Wakazozana, migongo wameipa bahari. Mama yao alikuwa amefika maji ya kifua, uoga wa miaka mingi bila kuogelea ukamshika. Aliwaita. Shomari! Salha! Hatibu! Upepo ukaichukua sauti, na wao wakaendelea kuhesabiana fadhila.

Doña Encarna, aliyesimama ukingoni mwa maji, akasikia, akavua kofia. Akaingia na nguo zake, akamshika mkono Bi. Mwanamvua, akamlaza chali juu ya maji, naye akalala ubavuni pake. Wakaelea wale wanawake wawili, huyu anasema Kihispania, huyu anasema Kiswahili, wanacheka kama wasichana.

Walipotoka, Doña Encarna alisema maneno akionyesha ile nyumba nyeupe. Salha akageuka kutazama bahari.

"Anasemaje?" aliuliza mama.

"Anasema... watoto wake wako mbali, anakula peke yake. Chumba kipo. Ukipenda kukaa mwezi mzima, ukae. Daku ataamka nawe. Na nguruwe hali, daktari alimkataza."

"Mama!" alifoka Shomari. "Huyu hata kufunga hafungi! Uliahidi atakuwa mmoja wetu!"

"Niliahidi," alisema Bi. Mwanamvua, akikamua kanga yake. "Na niliwaita nikiwa majini. Wote watatu kwa majina."

Wakainama wote watatu, wakakung'uta mchanga miguuni.

Msinitazame mimi, kwa sababu mimi mwenyewe nimegombana na mke wangu juu ya jambo hili, hatujasikilizana. Mmoja aliujua ufuo, mmoja aliiomba njia, mmoja alimbeba, na mmoja alisikia alipoitwa. Siku chache baadaye, jioni mwezi ulipoandama, Bi. Mwanamvua alikuwa mlangoni na begi lake, na wote wanne wamesimama wanamngoja. Je, futari ya kwanza alistahili kuila naye nani?