Kamba Tumboni mwa Fisi

Ukame wa mwaka ule ulikuwa si wa kusimuliwa; hata vyura walikuwa wakipangusana vumbi. Maji yalibaki kileleni tu, kwenye mlima wenye ukungu, na wanyama wakakubaliana kupanda pamoja.

Desturi yao ni kwamba mkoba wa dharura hukaguliwa kabla ya kuanza safari. Ndani mna kamba ya ngozi, baragumu la pembe na nyama kavu. Safari hii Fisi akajitolea kuubeba, akaapa kwa meno yake yote. Kobe alipotaka kuukagua, Simba akafura. Mkoba umefungwa kwa mkono wa mfalme, nani wa kuukagua? Wakaondoka hivyo hivyo.

Kila penye kona Fisi alibaki nyuma. Kwanza akala nyama. Kisha akajiambia kwamba kamba nayo ni ngozi, na ngozi ni nyama iliyokosa bahati. Akaimeza nzima. Baragumu nalo likafuata, maana lilikaa jirani na nyama likanukia. Kuficha aibu akaujaza mkoba mawe, akawa anahema kwa mzigo mzito kuliko ule alioula. Uroho una kazi, jamani.

Ukungu ukashuka. Mawe yakamyumbisha, akateleza korongoni, akanasa kwenye jiwe lililochomoza, chini hakuonekani mwisho. Fisi akaogopa kweli, mpaka njaa ikamtoka, jambo lisilopata kutokea katika ukoo wao. Akavuta pumzi aite. Tumboni likalia baragumu, puuu!

Wenzake wakaifuata sauti hadi ukingoni. Sungura akachungulia, akauliza kamba iko wapi. Fisi akaapa kwamba imeanguka, na kila kiapo kikaitikiwa na puuu.

"Kohoa," Sungura akamwambia.

"Nikikohoa mtajua."

"Usipokohoa utakufa, ndugu yangu."

Akakohoa. Ncha ya kamba ikaruka mpaka mikononi mwa Sungura; ile nyingine ilikuwa imelizonga baragumu tumboni. Wakamvuta, akapanda mdomo mbele, akilia puuu kwa kila mvuto. Simba akatazama pembeni, akakuna sharubu. Aibu ilimpata, na ilimstahili.

Tangu hapo mkoba hubebwa na Kobe, na hukaguliwa hata ukiwa wa mfalme. Fisi hatwishwi kitu. Penye ukungu hutangulizwa mbele, na akinyamaza hufinywa ili baragumu lilie.

Akiba haiozi.